Juu ya Kigoda Inasemwa Nguo

Wiki iliyopita tulimwacha Mpimaji na mkasi mkononi, na najua mmekaa na mkasi huo wiki nzima. Wapo waliokwisha kumzika mtu. Basi mfukueni, hakufa.

Mpimaji alikuwa bado amesimama juu ya kigoda, katikati ya karakana ya kushona sare, amevaa sampuli ya sare ya wauguzi juu ya gauni lake. Chini yake walisimama Meneja, ambaye ni mtoto wa mwenye karakana, na mgeni aliyekuja kununua sare za hospitali nzima, yule ambaye wafanyakazi wamempachika jina la Mzee Tai kwa sababu tai zake zinang'aa kuliko maneno yake. Mzee Tai ndiyo kwanza alikuwa ametoa ile kauli, kwamba sare ni nzuri, lakini uzuri hasa ni kiuno kilichomo ndani yake. Meneja akacheka. Cherehani zikanyamaza. Mpimaji akachomoa mkasi mfukoni.

Aliupeleka begani kwake mwenyewe.

Akakata nyuzi za bandi. Bega la kulia, la kushoto, kisha ubavuni. Sampuli huwa haishonwi kwa mashine, hushikwa kwa bandi tu, mishono ya muda ya mkono, mpaka mteja aikubali, kwa hiyo ilianguka vipande vipande mpaka miguuni. Akabaki na gauni lake la kazini, la kijivu, lenye mifuko iliyochakaa kwa chaki.

"Nguo ndiyo hiyo," akasema, akiwaonyesha vitambaa sakafuni. "Mnunue."

Akashuka, akaenda zake kwenye meza ya kupimia, akaanza kupanga pini. Uso wake ulikuwa mkavu.

Hasira ile haieleweki bila kukijua kigoda chenyewe.

Bi Mkubwa, aliyeianzisha karakana kwa cherehani moja ya mguu, ndiye aliyekiweka pale. Mteja anayekuja kupimwa husimama juu yake. Sampuli ikiwa tayari, mfanyakazi mmoja huivaa akapanda, mteja akaizunguka kuikagua. Na Bi Mkubwa aliweka sheria moja, ambayo hata mfagiaji anaijua: juu ya kigoda inasemwa nguo, hasemwi mtu.

Mpimaji akiona tumbo, hasemi tumbo. Anaita, "Ongeza mbele," na mkataji wa vitambaa pale mezani anaandika kwa chaki ubaoni. Bega likiwa limeinama, anaita, "Shusha kulia." Mwenye kibyongo anasikia tu, "Legeza nyuma." Watu wa kila umbo wamepanda kigoda kile, wakashuka na heshima yao kamili, kwa kuwa hakuna aliyesikia mwili wake ukinadiwa kama kitu cha mnada.

Lakini Bi Mkubwa alianguka bafuni, nyonga ikavunjika, akawekwa kitandani nyumbani kwake, mtaa wa nyuma. Mwanawe akakalia kiti. Sheria ya mama yake akaiona mambo ya kizee.

Yeye ni mtu wa sifa. Asubuhi akiingia humwambia dada wa mapokezi kwamba leo ametoka kama bibi harusi. Akifika kwenye cherehani, huyu ananenepa vizuri, yule amekonda, mume halishi? Halafu anacheka, na ukimwangalia unaona kweli haoni kosa. Anadhani anagawa furaha. Hilo ndilo lilikuwa linamchosha Mpimaji kuliko yote, kwamba hasira yake haikuwa na mahali pa kutua. Ukimkasirikia mtu anayetabasamu, mbaya ni wewe.

Siku ile Meneja hakumfokea Mpimaji. Alimwita ofisini, akamvutia kiti, akamwambia kwa upole kwamba alikuwa amekusudia kumpa usimamizi wa chumba cha kukata. Mpimaji aliusubiri usimamizi huo tangu msimamizi wa zamani alipostaafu. Alikuwa akifanya kazi ya msimamizi bila kuwa msimamizi, na kila mtu alijua.

"Sasa na hili la leo tumefanyaje?" Meneja akauliza. "Tumekusifu au tumekutukana?"

"Mmenisema mwili mbele ya watu, bosi."

"Hiyo ni sifa."

"Sikuiomba."

"Sifa inaombwa?"

Jibu Mpimaji alikuwa nalo, lakini lilikuwa refu, na alikwisha kuona kwamba mtu huyu husikiliza sentensi ya kwanza tu.

Meneja akatoa funguo za chumba cha kukata kwenye droo, akaziweka mezani baina yao. Akaeleza mpango. Mzee Tai atarudi kesho asubuhi kupimwa koti, zawadi ya karakana, ili apoe. Mpimaji atampima, na kabla ya kumpima atamwomba msamaha mbele ya wote walioshuhudia. Akifanya hivyo, funguo hizi ni zake. Akikataa, aiache futi yake msumarini.

Msumari huo uko pembeni mwa mlango wa kutokea. Futi ya mpimaji ni yake, huivaa shingoni akaenda nayo nyumbani. Anayeitundika pale hajaiacha kwa bahati mbaya. Ameacha kazi.

Mpimaji alisimama. Alikuwa ameshika kitasa Meneja alipomwita tena, kwa sauti ya mtu anayeongeza sukari.

"Na kesho uvae lile gauni lako la bluu. Linakutoa vizuri."

Wallahi, wasomaji wangu, mtu akichoka hufika mahali hata kukasirika kunamshinda. Alifunga mlango taratibu kama anayefunga chumba cha mgonjwa.

Nje, kwenye meza ya pasi, alikuwepo wifi yake. Dada wa mumewe kabisa, na ndiye aliyemtafutia kazi ile. Mwanamke mpana, hodari, mwenye mdomo usio na kifungo. Alikuwa amesikia yote, kuta za ofisi ile ni za mbao nyembamba.

"Wifi, mwenzetu una bahati ukaikanyaga," akasema, bila kuinua macho kwenye kola aliyokuwa akiipiga pasi. "Sisi wengine tunavuta mvuke hapa hatujasifiwa hata kisigino."

"Kama unakitaka kiuno, kichukue."

"Nitakiweka wapi, na hili tumbo la uzazi? Wewe kaa nacho. Lakini usitupe funguo kwa ajili ya maneno. Maneno yanashika wapi?"

"Yananishika mimi."

"Basi una ngozi ya kitunguu," akasema Wifi, akaipindua kola, na mazungumzo yakaishia hapo.

Simu ya Wifi, isiyojua kunyamaza, ilifanya kazi kabla Mpimaji hajafika nyumbani. Mumewe, fundi wa mabomba, alikuwa amekaa mlangoni akifungua kamba za viatu vyenye matope. Hakuitikia salamu.

"Ulivaa nini?" akamuuliza.

"Sare ya wauguzi."

"Ndani yake?"

"Gauni la kijivu."

"Lile linalobana?"

Mpimaji akacheka, kicheko kile ambacho hakina furaha hata chembe. "Nimelishona mwenyewe. Halibani popote."

Mumewe akasema hamlaumu, anauliza tu. Akasema wanaume ndivyo walivyo, yeye si anawajua, yumo miongoni mwao. Mpimaji akamweleza upya. Akamweleza kuhusu kigoda, na kazi yake, na jinsi watu walivyoacha kuitazama sare wakamtazama yeye. Alieleza mpaka koo likakauka, na mume alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Omba msamaha yaishe," akasema mwishowe.

"Niombe msamaha wa nini? Niambie kosa, nitaliomba."

Alifikiri, kwa haki yake alifikiri kweli. Halafu akainuka, akaanza kutafuta spana ambayo wala haikuwa imepotea.

Kabla ya kulala Mpimaji alipiga magoti akamweleza Mungu habari yote tangu mwanzo. Kwa siku nzima ile, Mungu ndiye pekee ambaye hakumuuliza alivaa nini.

Asubuhi alikuja na gauni lile lile la kijivu.

Karakana nzima ilikuwa inajua. Cherehani zilikuwa zinalia, lakini kwa uvivu, kama watu wanaokula huku wakisikiliza jambo la chumba cha pili. Meneja aliliona gauni, akakunja uso kidogo, hakusema. Funguo alizivika kidoleni, akawa anazizungusha.

Mkataji wa vitambaa alikuwa amekwisha kufuta ubao wake. Huyu ni mzee wa hapo, wanamwita Kobe kwa sababu hajawahi kukimbilia kitu, na hajawahi kukata kitambaa vibaya. Alimwangalia Mpimaji akipita, akamwambia kwa sauti ya chini, "Binti yangu, wewe ita kama unavyoita siku zote. Mimi niachie ubao."

Mpimaji alidhani ni maneno ya kumpa moyo. Laiti angemuuliza maana yake.

Mzee Tai akaingia na tai ya rangi ya dhahabu, akinukia kama duka la manukato. Akapanda kigodani. Kigoda kikalia, mtu mmoja kwenye cherehani akakohoa.

"Kwanza lile neno," Meneja akasema, akimtazama Mpimaji.

Lakini Mzee Tai akainua mkono kwa ukarimu. Yeye hana kinyongo, akasema. Mwanamke mzuri akikasirika ndiyo anazidi. Ampime kwanza, msamaha utakuja wenyewe, na akamtazama kuanzia juu mpaka chini, polepole, bila haraka yoyote.

Mpimaji alichukua kitambaa cha majaribio, kile cha bei ndogo kinachotumika kupata umbo la koti, akamzungushia, akakibana kwa pini mabegani, kifuani na ubavuni. Pini nyingi, kama kazi inavyotaka. Kisha akavuta futi shingoni.

Mpimaji haoni mtu kama tunavyomwona sisi. Aliona yote. Tumbo lililomtangulia Mzee Tai kila alikokwenda. Bega lililoinama. Kifua kilichofichwa nyuma ya tai ndefu. Mgongo ulioanza kupinda, naye akiunyoosha kwa nguvu kila mwanamke alipopita. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni mwake kama pini mdomoni mwa fundi, yote makali, yote ya kweli, na angetema moja tu karakana ingecheka mwaka mzima.

"Ongeza mbele," akaita.

Kobe akaandika.

"Shusha kulia."

Akaandika.

"Legeza nyuma."

Sauti yake ilikuwa ile ile aliyomwitia mwalimu, dereva, kiongozi wa kwaya. Mzee Tai hakujua amefichiwa nini. Anayesitiriwa vizuri hata hajui.

Ndipo Kobe akaweka chaki chini, akatega sikio kwa kiganja.

"Hapo mbele sijasikia," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka mapokezi. "Tumbo la mgeni umesema ni kubwa sana, au kubwa la kawaida?"

Vichwa vikainuka kwenye cherehani.

"Maana naona ni zuri," Kobe akaendelea, akilitazama kwa makini, kichwa upande. "Limejaa. Limekaa vyema. Nalisifia tu."

Karakana ikapasuka. Walicheka mpaka mmoja akajilaza juu ya cherehani. Wifi alimwaga maji ya pasi kwenye miguu yake mwenyewe na hakuyaona.

Mikono ya Mzee Tai ilikimbilia tumboni. Yote miwili. Hakuiamuru, ilikwenda yenyewe. Akataka kushuka, pini zikamchoma ubavuni, akabaki pale pale juu, amejikumbatia kama mtu aliyeshikwa na baridi. Akasema kwa umri wake hajawahi kuvunjiwa heshima namna ile, tena na mkata vitambaa. Meneja akamnyooshea Kobe kidole cha kumwonyesha mlango. Nje, sasa hivi.

Mtu mmoja tu hakucheka.

"Hapana, mzee wangu," Mpimaji akamwambia Kobe, na sauti yake ilikuwa na hasira hasa, hasira aliyoshindwa kuitoa tangu jana. "Hujanisaidia. Huko siko nilikotaka kwenda."

Kobe akainamisha kichwa. Nadhani alikuwa amelifikiria usiku kucha, maskini, akaona ni zawadi.

Mpimaji akamgeukia Mzee Tai. "Samahani, baba," akasema. "Samahani sana. Umepanda kigodani kwetu ukasemwa mwili mbele ya watu. Haikupasa."

Meneja akapiga makofi.

Ndiyo, wasomaji wangu, alipiga makofi. Alisikia neno samahani, akaishia hapo hapo. Akatangaza kwamba mambo yamekwisha, Mpimaji ameomba radhi, msimamizi mpya wa chumba cha kukata ndiye huyu, tena anavyovutia wateja watafurika, na akamnyooshea funguo.

Mpimaji akazitazama zile funguo. Zilikuwa karibu sana. Angenyoosha mkono tu, zingekuwa zake, na jioni angezitupa mezani mbele ya mumewe akapumzika.

"Hiyo samahani ni ya leo," akasema. "Ya jana inanihusu mimi, na sijaisikia bado."

"Jana nilikusifia," Mzee Tai akadakia kutoka juu. "Huyu mzee amenitukana. Usichanganye sifa na tusi."

"Kobe naye amesema anakusifia, baba."

"Hakuwa na maana hiyo."

"Na mimi ningejuaje maana yako? Nilisikia maneno tu, kama wewe ulivyosikia." Halafu akasema lile alilokuwa hajaweza kulisema kwa Meneja, wala kwa Wifi, wala kwa mumewe. "Umesemwa mara moja, ukajifunika kwa mikono miwili. Mimi jana mikono yangu ilikuwa juu, nimeinyoosha mkague kwapa za sare. Sikuwa na mkono wa kujifunika. Nilipanda pale mpimaji wa karakana hii, nikashuka kiuno. Tangu jana kila ninayemweleza ananiuliza habari za kiuno. Hakuna aliyeniuliza sare ilikuwaje."

Meneja akajichekesha. Akasema jamani, hapa kazini watu wakikatazwa hata kutaniana patakuwa makaburini. Mbona wengine anawatania na hawanuni? Akamgeukia Wifi awe shahidi wake. "Huyu hapa namtania kila siku. Si ndiyo, mama?"

Wifi alikuwa anafuta maji miguuni. Akaisimamisha pasi kwa kisigino chake, akajifuta mikono kwenye aproni. Kwa mara ya kwanza tangu amjue, Mpimaji alimwona wifi yake akitafuta maneno.

"Uliniambia nikikonda utanihamishia mapokezi," Wifi akasema.

"Nilikuwa natania."

"Mimi nikaacha kula mchana."

"Si nimesema nilikuwa natania."

"Niliwahi kuanguka hapa, mbele ya pasi hii hii. Mkasema ni joto." Hakulia. Alimtazama Mpimaji. "Wifi, jana nilikusema vibaya. Nilikuwa naona wewe angalau unasemwa vizuri. Kumbe hakuna vizuri."

Sasa hapo mtu mwenye moyo angekaa chini. Meneja alikuwa na moyo, lakini mgeni alikuwa anamtazama, na sare za hospitali nzima zilikuwa zinaning'inia kwenye pini za Mzee Tai. Aibu ikambana, akaigeuza ukali. Akasema hawezi kuendesha karakana kwa machozi ya wanawake. Kobe kazi basi. Na Mpimaji achague sasa, mbele ya wote: aseme kwamba jana alikosea yeye, achukue funguo, au atundike futi yake msumarini.

"Sema tu, 'Nilikosea,'" akaongeza, karibu kwa kubembeleza. "Neno moja. Kwani linakupunguzia nini?"

Mpimaji aliifikiria nyumba. Aliufikiria mwezi unaokuja na utakaofuata. Alimfikiria mumewe na spana yake. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka kueleza jambo ambalo mtu mwenye mwili wake mwenyewe alipaswa kulijua bila kuelezwa.

Akaivua futi shingoni.

Aliizungusha vizuri vidoleni, jinsi alivyofundishwa na Bi Mkubwa, isijikunje. Akatembea katikati ya cherehani. Hakuna aliyemtazama mwili, safari hii. Waliitazama futi. Akaitundika msumarini. Kobe akachukua kofia yake, akamfuata, polepole kama kawaida yake.

Mkono wa Mpimaji ulikuwa haujagusa kitasa mlango ulipofunguka wenyewe.

Ilikuwa fimbo kwanza. Kisha mkono uliojaa mishipa. Kisha Bi Mkubwa mwenyewe, mwanamke aliyeambiwa na daktari asikanyage ngazi hata moja, amesimama kizingitini akihema, jasho likimtiririka kwenye mashavu.

"Mama," Meneja akasema. "Nani amekuleta?"

"Simu," Bi Mkubwa akajibu.

Macho yote yakamwendea Wifi. Wifi akainua kola akaanza kuipiga pasi, na pasi yenyewe ilikuwa imeshapoa.

Bi Mkubwa hakumtazama mwanawe. Aliiona futi msumarini. Akauliza ni ya nani, akaambiwa. Akaitungua kwa ncha ya fimbo, akamvika Mpimaji shingoni kwa mkono wake mwenyewe, akaunyoosha mwisho wake uliopinda.

"Hujaenda popote wewe," akamwambia.

Na Kobe akaambiwa avue kofia, ndani hakuna jua.

Ingeishia hapo, ningewaambia laleni salama. Lakini Bi Mkubwa aliinua macho amtazame mteja aliyeko juu ya kigoda, amwombe radhi kwa vurugu ya nyumba yake, kama mwenye duka yeyote angefanya. Akamtazama. Akasogea hatua moja, akamtazama tena.

Ile rangi ya dhahabu ya tai ilibaki kuwa kitu pekee chenye rangi kwa Mzee Tai. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya majivu.

"Sikujua," akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyekuwa ameisikia kwake. "Walinileta hapa kwa jina la kijana huyu. Sikujua karakana hii ni yako."

"Mama, unamfahamu?" Meneja akauliza.

Bi Mkubwa alivuta kiti cha cherehani ya karibu, akakaa, akalaza fimbo mapajani. Alipozungumza, alizungumza na mwanawe, lakini macho hayakutoka juu ya kigoda.

"Umekuwa ukiniuliza kila siku kwa nini niliweka ile sheria ya kizee. Nikawa nakwambia utakua uijue. Basi sababu yake ndiyo hiyo, imesimama juu ya kigoda."

Funguo zikamdondoka Meneja. Hakuziokota.

"Funga mlango," Bi Mkubwa akamwambia Wifi, na komeo likalia. Kisha akainua kidevu kumwelekea Mzee Tai. "Siku ile, kabla sijaifungua karakana hii, ulinisema mwili wangu wote mbele ya watu, na nina hakika unaukumbuka mpaka leo. Hapa tunasema nguo. Haya, waambie wanangu. Nilikuwa nimevaa nini?"

Mzee Tai akafungua mdomo. Pini moja ikachomoka ubavuni mwake, ikaanguka sakafuni, na kila mtu akaisikia.